Maji ya Mwisho ya Kusuuzia

Nimekabidhi glavu na aproni, nimerudi nyumbani kwangu, na bado sijaelewa. Nalisema mapema msije mkasoma mpaka chini mkitarajia mtaalamu. Nyinyi vijana wa karakana ndio mlioniganda, "Mama Atija, tuandikie, usiondoke na mambo yako kichwani." Haya, nawaandikia. Lakini kichwa chenyewe kimejaa fujo, kama kopo la nati zisizo na bolti zake, na nitawamwagia hivyo hivyo. Habari za vyeo na mishahara siandiki. Anayezitaka akamuulize mwenye vyeo.

Niliingia kazini miaka ile gesi ilipoonekana huko baharini. Palma yetu, huku kaskazini mwa Msumbiji, ulikuwa mji wa watu kujuana hata kwa kikohozi. Mara wageni hao! Wenye kofia ngumu, wenye kupima ardhi, wenye kupima bahari, wenye kupima sijui nini. Shangazi yangu walimpimia shamba lake la minazi, wakaondoka, wakaja wengine wakalipima tena, na hakuna hata mmoja aliyemwambia wamepata nini. Watu walipangisha vyumba vyao wakahamia majikoni. Katikati ya vurugu hiyo, bwana mmoja kutoka Nampula akafungua karakana nyuma ya msikiti wa mtaa wetu, ya kutengeneza vyuma vya kambi za wageni: bolti, vishikio vya mabomba, bawaba za mageti. Tulimwita shefe, yaani mkubwa wa kazi, na hapa pia atabaki shefe.

Mimi nilikwenda kuomba kazi ya kufagia. Nikafagia asubuhi moja tu. Fundi Sumaila, mkuu wa matangi ya kuchovyea, aliniona nikiokota bolti zilizoanguka na kuzipanga kwa ukubwa, akaniita.

"Binti, we ni wa nani?"

Nikamtajia baba.

"Basi wewe ni mwanangu. Weka ufagio."

Fundi Sumaila alikuwa mtu wa mtaa wetu, mwembamba, kofia haimtoki kichwani hata kwenye mvuke wa matangi. Kazi alijifunza ujanani bandarini Nacala, akarudi kwao uzeeni. Siku ile alinishikisha kishikio cha bomba, kipya, kinang'aa mpaka naona meno yangu.

"Kizima hiki au kigonjwa?"

"Kizima, Fundi. Si kinang'aa?"

"Kigonjwa. Chuma kikang'aa namna hii, ujue kiko uchi. Hewa yetu hii ya bahari italala nacho, na wiki ijayo utakikuta chekundu."

Akakifunga waya, akakiosha kwenye magadi ya moto kutoa grisi, akakisuuza, akakitia kwenye asidi ya kutoa kutu, akakisuuza tena, kisha akakizamisha kwenye tangi la fosfati. Vipovu vidogo vikaanza kupanda. Nikamuuliza hiyo nayo ni nini. Akasema asidi. Nikamuuliza inafanya nini. Akasema inakila chuma.

"Inakila?"

"Kidogo."

"Fundi, si tunakikinga kisiliwe?"

"Ndiyo. Tunakila kidogo ili kisiliwe chote."

Nikamtazama nione kama ananicheza shere. Hakuwa ananicheza. Akatoa kile kishikio, nacho kimekuwa cha kijivu, kimefifia kama jivu la mkaa, hakuna tena meno yangu wala ya mtu. "Sasa," akasema, "hiki ndicho kizima." Nilirudi nyumbani siku ile nikamwambia mama nimeajiriwa na watu wanaoharibu vyuma vizuri.

Maelezo yake nimeyasikia mara nyingi mpaka nayajua kwa ghibu, kama mtoto wa chuo cha Kurani anavyojua sura asiyoifahamu maana yake. Ndani ya asidi ile mna zinki na fosfati, zimeyeyuka kama sukari kwenye chai. Chuma kikiingia, asidi inakimega juu juu. Kwa kule kumega, inaisha nguvu, lakini pale pale tu inapogusana na chuma. Ikiisha nguvu haiwezi tena kuibeba ile zinki na fosfati, inazitua papo hapo, nazo zinaganda chembe chembe, zimeshikamana na chuma chenyewe. Kwa hiyo si rangi. Rangi inapakwa juu. Hii ni ngozi ya chuma iliyogeuzwa ikawa kitu kingine, na kutu haikipendi kitu hicho. Nikasema, "Akili ya wapi hii, Fundi?" Akasema, "Mtoto anachanjwa kwa nini?" Nikarudi kwenye waya zangu. Sikushawishika.

Na bado ngozi hiyo peke yake haitoshi. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Ina vitundu kati ya chembe na chembe, unyevu unapenya. Kazi yake kubwa ni kuishika rangi au mafuta yatakayofuata, kama ukuta wa udongo unavyoparuzwa ili chokaa ishike. Na rangi ikija kukwaruzwa, kutu itaota pale penye mkwaruzo, lakini haitatambaa chini ya rangi kama moto wa makuti. Kwa hiyo asidi inakinga kwa kula, ngozi inakinga kwa kuwa na vitundu, na rangi inakinga kwa sababu imepata mahali pa kushika. Nilisema kazi gani hii, kila mtu anamtegemea mwenzake na hakuna anayejitosheleza. Fundi akasema, "Umeolewa?" Nikasema bado. Akasema, "Utaelewa."

Niwape na ya mikono, maana mnapenda kusahau. Msishike chuma kilichotoka kwenye fosfati kwa mkono mtupu. Sisi watu wa pwani mikono yetu ina mafuta ya nazi hata tukitoka kuoga. Fundi alikuwa anatunusa viganja kabla ya zamu. Mara moja alinirudisha nikaoge kwa sababu nilikuwa nimemsuka wifi yangu. Na msikubali kijivu chenye mabaka: pakibaki panapong'aa, fosfati haikushika, rudini mwanzo, msijidanganye kwamba rangi itafunika. Rangi haifunuki leo, inafunuka mbele ya mteja.

La mwisho, maji. "Maji ya mwisho ya kusuuzia ndiyo yanayobaki na chuma," Fundi alikuwa anasema. Magadi yanaondoka, asidi inaondoka, lakini yale maji ya mwisho yakikauka, chochote kilichomo ndani yake kinabaki pale, na rangi inakuja kukifungia mlango. Wakati wa mvua tulisuuza kwa maji ya paa, yaliyokingwa kwenye tangi kubwa, na vyuma vyetu vilikuwa vinasifiwa mpaka kambini.

Kisha mvua ikakatika. Tangi la paa likabaki na matope na vyura. Shefe akawa anafikiria kuagiza boza la maji, na Fundi Sumaila akamwambia, "La nini boza, na kisima tunacho nyuma ya ukuta?"

Hapa lazima niwaeleze kisima hicho. Kilichimbwa na babu yake Fundi Sumaila, akakitoa wakfu: achote yeyote, Mwislamu na asiye Mwislamu, mwenyeji na mpita njia, asiulizwe kitu. Kila anayechota, thawabu inamfikia babu kaburini. Ndivyo tulivyolelewa. Mtoto hata awe mtundu vipi hateremshi ndoo ya kwanza bila kumsomea yule mzee Fatiha. Na maji yake yalikuwa na sifa. Wanawake wa mitaa mingine walivuka visima vyao kuja kwetu. "Maji ya wakfu ni matamu," tukisema hivyo hata hatukuwa tunafikiri tunasema nini.

Kwa hiyo Fundi alipoyaleta maji yale karakanani, uso wake ulikuwa wa sikukuu. Madumu yaliingia kwa mkokoteni kila asubuhi. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Atija mwanangu, fikiria. Kila bolti inayokwenda huko kwa wageni, imeogeshwa na babu. Mzee hajawahi hata kuiona gesi, na thawabu yake inaingia." Wallahi nilifurahi naye.

Enjenyero Celestino, mhandisi aliyekuwa anakagua kazi zetu, kijana mpole wa Nampula mwenye Kiswahili cha kuokoteza, aliuliza siku ile ile. "Maji ya kisima ni matamu? Hayana chumvi?"

Sote tukamrukia. "Matamu, enjenyero! Matamu kabisa! Onja!"

Hakuonja. Yeye alikuwa mtu wa maji ya chupa. Kifaa chake cha kupimia maji kilikuwa kimeharibika, ameagiza kingine Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu. Akatuamini. Ungekuwa wewe usingetuamini, mtaa mzima unaapa?

Haukupita muda, mzigo ukarudi. Geti zima la kambi, tulilolichovya na kulipaka wenyewe, limetoa malengelenge kama mtu aliyemwagikiwa uji wa moto. Ukilitumbua lengelenge moja kwa kucha, ndani mna tone la maji, na chini ya tone kutu mbichi. Tukasema rangi mbaya. Shefe akabadilisha rangi. Ukarudi mzigo mwingine. Tukasema fosfati imepoa, tukaongeza moto. Tukasema imezeeka, tukaimwaga tukachanganya nyingine. Kijivu kinatoka safi, sawasawa, hakina baka, mimi mwenyewe nakigeuza mwangani na sioni kosa. Na bado malengelenge. Kichwa kikaniuma. Usiku naota vyuma vinatokwa jasho.

Watu wakaanza maneno. Mmoja akasema jini la ufukweni limekasirishwa na wapimaji. Mwingine, hakutaja jina langu lakini macho yake yalinitaja, akasema tangu lini mwanamke akasimama penye matangi, na wanawake wana siku zao. Nilichemka kuliko magadi. Kabla sijafungua mdomo Fundi Sumaila akamjibu, "Chuma hakijui nani kakishika. Kinajua kama mkono una mafuta. Lete viganja vyako ninuse." Yule bwana akaenda zake.

Lakini shefe hakuwa na habari ya jini wala ya wanawake. Alimwita Fundi mbele yetu. "Mzee Sumaila, heshima yako naijua. Lakini matangi ni yako. Ukirudi mzigo mwingine, na hujaniambia sababu, utanipisha." Fundi akasema amesikia. Akarudi kwenye matangi kufunga waya. Alikuwa na mke mgonjwa na wajukuu ndani, na umri ule nani angemwajiri tena? Kila mtu karakanani alijua kwamba mzee yule anaondoka kama sababu haikupatikana.

Ikapatikana kwenye chai. Mpishi wetu alikuwa Mama Lusia, mtu wa Pundanhar, kule bara, aliyeletwa na mume. Huyo mama hakuna cha pwani kilichompendeza. Samaki wana miiba, mchanga unaingia kwenye viatu, joto linanata. Na tangu afike alikuwa anauliza, "Hivi nyinyi chai yenu mnaitia chumvi?" Tulikuwa tunamcheka. "Mama Lusia, mmezoea maji ya vyura, matamu hamyajui!" Siku hiyo akasema tena, huku anasonya, na Enjenyero Celestino yuko pale na sahani yake ya wali. Akaacha kula.

"Mama, chumvi ipo kwenye chai, au kwenye maji?"

"Kwenye maji, mwanangu! Mimi sukari natia mpaka naona haya, na chumvi iko pale pale."

Kifaa cha Pemba kilikuwa kimeshafika. Celestino akakitumbukiza kwenye dumu la kusuuzia, mimi na Fundi tumesimama kando. Akakitazama, akakisuuza kwa maji ya chupa, akakitumbukiza tena. Kisha akaeleza, taratibu, kwa Kireno na Kiswahili chake. Maji yana chumvi. Si nyingi. Mwanadamu anakunywa, hayamdhuru, na aliyeyanywa tangu utotoni hawezi kuionja. Lakini yakikauka juu ya chuma chumvi inabaki, rangi inaifunika, nayo ile chumvi inauvuta unyevu kupitia kwenye rangi mpaka panavimba. "Mestre," akasema, yaani fundi kwa Kireno chao, "ni maji mazuri ya kunywa. Si mazuri ya kusuuzia. Kazi yako haina kosa."

Mimi nikapiga kigelegele. Sababu imepatikana! Fundi amepona! Nikageuka nimpongeze, nikamkuta ameshika ukingo wa tangi.

"Yana chumvi," akasema.

"Kidogo, Mestre."

"Ya babu."

Nikamwambia, "Baba, si umesikia? Ya kunywa ni mazuri. Ni chuma tu kisichoyataka." Mimi nilikuwa nimeshajizoeza mambo ya kitu kimoja kuwa hivi na vile. Ngozi yenye vitundu inayokinga, asidi inayolinda, sasa maji matamu yenye chumvi, haya, twende. Lakini yeye hakunisikia. Akamuuliza Celestino, kama mtoto anavyomuuliza mwalimu, "Na vile vyuma vilivyooza, je? Babu anaandikiwa thawabu, au anaandikiwa dhambi?" Celestino akanitazama. Mimi nikainama kuokota waya.

Siku iliyofuata shefe akaitisha kikao uani, na yupo mtu wa kambi, mteja, amekuja kusikia sababu kwa masikio yake. Fundi alikuja na kanzu. Mimi nilidhani amevaa kwa furaha. Sikuwa nimekumbuka jambo ambalo yeye hakulala kwa ajili yake: kile kisima cha upande wa uwanja wa ndege, ambacho wapimaji walikitia alama nyekundu wakasema maji yake mabaya. Hawakukifunika wala hawakukataza mtu. Waliandika alama tu. Tangu siku hiyo hakuna aliyeteremsha ndoo, na sasa kimeota majani.

Shefe akauliza. Celestino akafungua mdomo, akasema, "Tatizo ni maji ya..."

"Tatizo ni mimi," Fundi Sumaila akasema.

Shefe akamgeukia.

"Sikuwa nasuuza. Mgongo unaniuma, nimezeeka. Vyuma vilikuwa vinatoka kwenye asidi, natia maji juu juu tu, napeleka kwenye rangi. Nilikuwa nawaficha."

Jamani! Mtu yule nilikuwa sijamsikia akisema uongo hata wa kumbembeleza mtoto. Nikaruka. "Si kweli! Shefe, si kweli, mimi nasuuza naye kila siku, anasuuza mpaka mikono inakunjamana! Enjenyero, sema!"

Fundi akanigeukia. Hakuwa na hasira, na sauti aliishusha tusikie mimi na enjenyero tu. "Atija, mwanangu. Nyamaza. Mimi kazi nimekwisha kufanya nyingi. Babu yangu hana mtu mwingine wa kumsemea."

Celestino alikuwa ameshika kifaa chake mkononi. Alimtazama mzee, akamtazama mtu wa kambi, kisha akakitia mfukoni. Shefe akasema maneno ya shefe. Mtu wa kambi akaridhika, maana uzembe wa mzee ni kitu kinachoeleweka haraka. Fundi Sumaila akavua aproni aliyokuwa ameivaa juu ya kanzu, akaikunja, akanipa mimi. Kesho yake boza la maji likaja. Celestino aliliagiza bila kusema la nini. Malengelenge hayakuonekana tena, na kila mtu akasema kumbe kweli mzee alikuwa hasuuzi.

Nilikaa na hasira naye. Niliona ametupa riziki ya wajukuu kwa ajili ya mtu aliyekufa zamani. Halafu naona amefanya jambo kubwa. Halafu naona hapana, amejidhulumu. Niko hivyo mpaka leo, msiniulize.

Jioni moja, natoka kazini, nikapita kisimani kwa makusudi nimwone. Alikuwepo. Siku hizo alikuwa hana pa kwenda, akawa anashinda pale akiwavutia wanawake ndoo. Mstari ulikuwa mrefu, wanacheka, wanasukumana, kila mmoja na Fatiha yake. Aliponiona akachota, akaninyooshea kata kwa mikono miwili.

Nikanywa. Maji niliyonyweshwa tangu naachishwa ziwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaisikia chumvi.

Alikuwa ananitazama. "Vipi," akaniuliza, "matamu?"

"Matamu, baba," nikasema, nikamrudishia kata anichotee tena.